Zambarau Si Dhahabu

Ukiona majani ya mahindi machanga yamegeuka zambarau kingoni, usimwite mtu mwenye sururu. Mwite mtu mwenye ng'ombe. Nimewaambia hivyo vijana wa mashamba darasa kwa miaka mingi, nao wamecheka wakidhani ni utani wa bibi. Sasa nimestaafu, magoti hayataki tena kupanda vilima vya Tarime, na nyie mnaoanza kazi hii ya udongo mna simu za kupiga picha za majani na vikaratasi vya kupimia uchachu. Vizuri sana, navipenda. Lakini hakuna kikaratasi kitakachowaambia jinsi zambarau ile ilivyokaribia kumeza shamba letu zima, pamoja na sisi wenyewe. Hilo inabidi niwaambie mimi.

Ilikuwa miaka ile ya dhahabu. Kila aliyekuwa na mikono miwili alikuwa ameelekea machimboni upande wa Nyamongo, na kila aliyebaki nyumbani alikuwa akitazama kiwanja chake kwa jicho jipya. Watu walipiga teke jiwe njiani, halafu wakarudi kuliokota, wakalilamba, wakaliangalia juani. Mama yetu alikuwa amefariki, kisha tata, ndivyo tunavyomwita baba kwa Kikurya. Mimi nikiwa ndiye mkubwa niliacha shule bila hata kumaliza msingi, nikabaki na wadogo zangu na shamba la mteremkoni. Ndugu walikuwa wameshapanga kutugawa: huyu aende kwa shangazi ng'ambo ya mpaka, huyu kwa mjomba kule Mugumu, mimi niolewe. Nikawaambia hatugawanyiki, tutakula hapahapa. Baba mdogo, Mwita, ambaye ndiye alikuwa msimamizi wa ardhi yetu, alinitazama akasema, "Sawa, Bhoke. Shamba likiwalisha mtakaa. Lisipowalisha, usinililie."

Shamba halikuwa linatulisha. Udongo wa kule ni mwekundu, unapendeza macho kama tofali jipya, lakini ni mchachu. Mahindi yaliota vizuri, yakafika magotini, yakasimama kama mtu aliyesahau anakokwenda. Majani ya chini yakawa zambarau kuanzia kingoni. Nilitumia mbolea ya dukani ya kupandia, nikaitawanya shamba zima kama mtu anayelisha kuku, na haikubadilisha kitu. Nilidhani nimeuziwa chokaa.

Ndipo akaja Magige.

Magige alikuwa mtu wa kutafuta mahali pa kuchimba. Wenye maduara, yaani yale mashimo ya dhahabu, walimtuma atembee vilimani atazame miamba, maji na mimea. Msidhani alikuwa tapeli. Aliamini kila neno alilosema, na hiyo ndiyo iliyomfanya awe hatari. Alipita njia ya chini ya shamba letu akiwa na mdogo wangu Chacha, aliyekuwa ameanza kumfuata kama mkia. Akasimama, akavua kofia, akainama kwenye mhindi mmoja, akaligusa jani la zambarau kama mtu anayeshika paji la uso la mgonjwa.

"Dada Bhoke," akasema, "shamba hili linapumua."

Nikamuuliza linapumua nini. Akanieleza kwa upole kwamba dhahabu ikiwa chini, pumzi yake hupanda mizizini na kuunguza majani rangi hiyo. Alikuwa ameona majani ya zambarau karibu na duara moja lililotoa vizuri, na tangu siku hiyo alikuwa hatafuti kitu kingine. Habari zilishuka mlima kabla yake. Kufikia jioni kila mwenye mahindi yaliyodumaa alikuwa anajiona tajiri. Jirani yetu mmoja alikuwa akiwaonyesha wageni shamba lake bovu kwa fahari, na mwenye mahindi ya kijani akaonewa huruma.

Chacha hakulala njaa usiku ule kwa sababu alikuwa ameshiba maneno. Yeye ndiye mrithi wa kiume, na kijana wa kiume akisema lichimbwe, mzee gani atakataa? Alimwendea baba mdogo. Baba mdogo akatuita wote wawili, akatuketisha kibarazani, akasikiliza. Mimi nikasema shamba likichimbwa, ule udongo wa chini ukitupwa juu, hakuna mhindi utakaoota pale tena, na wadogo zetu watapelekwa kwa watu. Chacha akasema mahindi yenyewe hayapo, dada analinda kitu gani.

Hapo alinishika. Nikaomba msimu mmoja tu, ule wa vuli uliokuwa mbele yetu. Baba mdogo akakubali, lakini akaweka sharti: mahindi yakibaki zambarau, Magige aingie na watu wake.

Nikashuka Tarime mjini kwa miguu kumtafuta bwana shamba, aliyekuwa amepanga chumba Nyamisangura. Nilikuwa nimebeba mhindi mzima na mizizi yake kwenye gunia, udongo ukinimwagikia mgongoni. Nikamwamkia shikamoo, nikautoa mhindi, nikauliza kama ni dhahabu. Hakucheka, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Alisema, "Huu una njaa ya fosforasi. Na usishangae kama umeshaweka mbolea. Umeiweka, udongo umeishika."

Hilo neno, "umeishika", lilinifungua macho. Alinieleza kwamba udongo mwekundu mchachu una chuma na alumini nyingi, na vitu hivyo ni kama mikono isiyo na kazi. Fosforasi ikitua tu, inakamatwa, mzizi unabaki unatazama. Dawa mojawapo ni kuipa ile mikono kitu kingine cha kushika: samadi iliyoiva, majani mabichi yanayooza. Vikioza vinatoa asidi zake laini, zinakaa mikononi mwa ile alumini, na fosforasi inapita. Uchachu nao unapungua kidogo kidogo. Akaniambia pia nisitawanye. Niweke shimoni, mahali pamoja, pale mzizi utakapopita. Na kwa kuwa samadi peke yake haina fosforasi nyingi, akanipa kopo la mbolea ya kupandia nichanganye nayo kidogo kidogo. Nilipomuuliza kama majani yataacha zambarau msimu huohuo, alisema, "Kwenye mteremko wako sijui. Jaribu, nitakuja kuona."

Nilirudi nikiruka mawe. Vijana, kuna furaha fulani ya kujua kitu ambacho jana hukukijua, haina mfano. Nilimkuta baba mdogo na wazee wenzake wamezunguka chungu cha pombe ya mtama, kila mmoja na mrija wake mrefu. Nikapiga goti, nikawaamkia, nikatazama ile mirija, na hapohapo nikapata namna ya kulieleza.

"Tata," nikasema, "sinia la nyama likipita hapa sasa hivi, nani atachukua?"

"Unaona mikono yetu imeshika mirija," akasema mzee mmoja. "Litapita mpaka kwa watoto."

"Na kama hamna mirija?"

Wakacheka, wakasema hata mfupa usingewafikia watoto. Nikawaambia basi udongo wetu ni wazee wasio na mirija. Nyama naileta kila msimu, nao wanaimaliza kabla haijafika kwa mahindi.

Baba mdogo akafikiri. "Kwa hiyo unataka kuulewesha udongo?"

"Nataka kuushikisha mrija, tata. Basi."

Mfano huo nimeufundisha kila mahali nilikofanya kazi, na hakuna aliyeusahau. Mkienda kwa wakulima msianze na chuma na alumini. Tafuteni kwanza watu wa pale wanashika nini mkononi.

Sasa, samadi. Sisi ng'ombe hatukuwa nao tena. Majirani walikuwa nao, na vijana wa kusafisha mazizi walikuwa machimboni, kwa hiyo samadi ilikuwa imejaa mpaka ng'ombe wanaonekana warefu. Lakini kwa wazee wetu zizi lenye kina lilikuwa sifa. Mtu akipita akaliona anajua mwenye mji ana mali. Nilipomwomba jirani, Mzee Nyamhanga, nichote, alikunja uso. Alisema binti akiondoka na samadi yake anaondoka na baraka ya ng'ombe. Sikubishana. Nikamwambia nitakata nyasi kavu nimwekee ng'ombe walalie, wasilale kwenye tope. Akaenda akatazama kwato za ng'ombe wake, zilizokuwa zimeanza kuoza kwa unyevu, akarudi. "Chota," akasema. "Lakini usifagie mpaka chini. Acha kidogo, wakanyage kwao."

Na hapo, wajukuu, nilijifunza bila kukusudia. Zile nyasi zililoweka mkojo wa ng'ombe, zikawa samadi bora kuliko ile ya zamani iliyokaukia juani. Samadi nyeupe, nyepesi kama majivu baridi, imeshapoteza nguvu. Inayofaa ni nyeusi, yenye unyevu, haina tena harufu ya zizi bali ya ardhi baada ya mvua. Ifunike kwa majani ya migomba. Chomeka kijiti katikati, ukikitoa kikiwa cha moto, bado inapika. Muda mrefu baadaye, nilipokuwa mtunza shamba darasa Mugumu, fundi mmoja wa sokoni, Mwislamu wa asili ya pwani, alinifulia uma wa chuma wa kugeuzia lundo. Alinikabidhi akisema, "Shika, Mama Samadi. Uma wa kupakulia pilau la ng'ombe." Jina likanishika mpaka kwenye mikutano ya halmashauri.

Huko huko nilikosea pia, niwaambie msirudie. Kwa sababu mambo yalinikubali vilimani, nilifika kwa wakulima wa mboga karibu na bwawa la Manchira nikawahimiza wamwage majivu mengi, yakate uchachu. Udongo wao ulikuwa mweusi na wala haukuwa mchachu. Mboga zikawa za njano. Mama mmoja aliniuliza kama kwetu tunapika bila kuonja. Tangu hapo nikawa naanza na udongo, dawa baadaye.

Turudi mteremkoni. Samadi haikutosha. Nilikuwa nimekaa kwenye ukingo wa shamba nikipiga hesabu ya mashimo yaliyobaki matupu, akapita Mama Akinyi, mama wa Kijaluo aliyekuwa akileta dagaa kutoka upande wa Sirari. Akanisikiliza, akatazama ua wetu, akaanza kucheka mpaka akatua ndoo. Ua wetu wote ulikuwa alizeti pori, ile yenye maua ya njano ambayo mbuzi hawaipendi.

"Nyara," akaniita, yaani binti yangu, "umekaa juu ya ugali unalia njaa. Hii kwetu ni maua makech, maua machungu. Dada yangu ng'ambo anaikata anaifukia. Ni uchungu huo huo unaoivisha mahindi."

Nilikata siku ile ile. Majani na vijiti laini tu, vile vigumu niliacha. Nikakatakata, nikajaza mashimo, nikachanganya na samadi kidogo na mbolea ya kopo, nikafunika kwa udongo.

Sasa tazameni kosa ambalo lingetokea kwetu tu, na wakati ule tu. Msichana anachimba mashimo mengi kwenye shamba la zambarau, anatia kitu, anafunika haraka kabla jua halijakikausha. Watu wangefikiri nini? Asubuhi moja nilitoka nje nikakuta umati ukingoni, wenye makarai, wenye sururu, mwingine amekuja na mkewe na chakula. Neno lilikuwa limepita kwamba Bhoke amepata na anafukia asionekane. Nikawaambia ni samadi. Mzee mmoja akasema, "Hata mimi ningesema ni samadi."

Kijana mmoja hakungoja. Alipiga magoti kwenye shimo la kwanza, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akaenda polepole kama anayetafuta yai, uso unang'aa. Kisha uso ukabadilika. Akautoa mkono, akaunusa. Halafu mama mmoja nyuma akauliza kwa sauti tulivu, "Ni ya karati ngapi?"

Waliangua kicheko mpaka wengine wakakaa chini. Lakini Magige, aliyekuwa pale, hakucheka. Aliniambia mbele ya wote kwamba naziba pumzi ya dhahabu kwa mavi. Na Chacha akaona aibu, siyo kwa ajili ya kijana yule, kwa ajili yangu. Akachukua nguo zake akaenda machimboni siku ile.

Nikaongeza na kosa langu mwenyewe. Kwa haraka ya kuwaonyesha, mvua ilipodondoka tu nikapanda kwenye mashimo mabichi. Alizeti pori ikiwa bado inaoza inachemka. Ukiingiza kidole utasikia joto. Mbegu nyingi ziliiva badala ya kuota. Mashimo yakabaki matupu mstari kwa mstari, na wapita njia wakawa wananiuliza nimepanda nini, hewa? Nililia siku hiyo, sisemi uongo. Kisha nikafukua shimo moja, nikalikuta limepoa, majani yamekuwa meusi na laini, na minyoo imeshaingia. Minyoo, jamani, kwenye udongo ule ambao sikuwahi kuona hata mmoja. Niliita wadogo zangu waje waitazame. Nikapukuchua mbegu za mwisho kutoka kwenye mahindi tuliyokuwa tumeyaning'iniza jikoni, zile ambazo tungekula, nikapanda upya. Kwa hiyo kumbukeni: fukia, ngoja ipoe, ndipo upande. Mkono wako ndio kipimo.

Mistari ya chini karibu na njia haikupata kitu, samadi na majani yaliniishia. Nilipanda hivyo hivyo.

Mahindi yalipofika urefu wa kiganja nilikuwa naamka kabla ya jogoo kwenda kuyatazama. Nilikuwa naogopa kuinama. Yalipofika magotini, pale pale yalipokuwa yakisimama kila msimu, yakapita. Yakapita, vijana! Majani mapana, kijani cha kuumiza macho. Nilizunguka shamba nikiyagusa moja moja kama ninahesabu ng'ombe wa mahari. Bwana shamba alikuja kama alivyoahidi, akavua viatu, akatembea mstari hadi mstari, kisha akaniomba nimweleze tena nilivyofanya, polepole, akiandika. Na kule chini karibu na njia, mistari isiyopata kitu ilibaki imedumaa, zambarau kama kawaida. Hata mtoto angeonyesha mahali nilipoishiwa.

Baba mdogo alikuja mahindi yalipokuwa ya kuchoma. Alimwita Magige, akamtumia salamu Chacha, naye akaja kutoka machimboni amekonda, vumbi limeingia mpaka kwenye nyusi. Wanakijiji walijipanga njiani. Baba mdogo akamweka Magige kwenye mpaka ule, mguu mmoja kwenye kijani, mguu mmoja kwenye zambarau.

"Nieleze," akasema. "Dhahabu yako inapumua huku, halafu ikifika hapa inabana pumzi?"

Magige aliinama akatazama kwa muda mrefu, maana alikuwa mtu wa kutazama kwa haki. Akasema labda mwamba umekatika hapo. Watu wakaguna. Akasema pia kwamba dhahabu inaweza kuwa chini ya yote mawili, na hilo hatutalijua bila kuchimba. Na hapo, niwaambie kweli, moyo wangu uliruka, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Mahindi mazuri hayathibitishi kwamba chini hakuna dhahabu. Nilimwona Chacha akitazama ardhi, halafu akitazama mahindi, halafu ardhi.

Baba mdogo akaingia kwenye mahindi. Alivunja hindi moja kwenye mistari ya kijani, akamenya maganda, akang'ata likiwa bichi. Maziwa ya punje yakamtiririka kidevuni. Akatafuna bila haraka. Akavunja lingine akampa Chacha, na Chacha, aliyekuwa amekula vibaya kwa muda mrefu, alilimaliza amesimama, akashuka kwenye mstari akajivunjia la pili bila kuombwa. Wadogo zetu wakaona, wakaja mbio. Wanakijiji nao wakapewa. Baba mdogo akachagua hindi kubwa, lililojaa punje mpaka nchani, akalimenya kwa mikono yake mwenyewe, akampa Magige kwa heshima, kama mgeni anavyopewa. Kwetu huwezi kukataa chakula cha mikono miwili. Magige akala.

"Sasa," baba mdogo akasema kwa sauti ya kusikika mpaka njiani, "tumekula wote shamba hili. Nani kati yetu atalichimba?"

Chacha alitikisa kichwa, akaja kusimama upande wangu. Wote wakamgeukia Magige.

Magige hakujibu. Mdomo wake ulikuwa umejaa.